Kukaza na Kulegeza: Mazoezi ya Vipindi kwa Waendesha Baiskeli wa Milima ya Rungwe

Barabara kuu itokayo Uyole, Mbeya, kwenda Kyela hupanda kwanza hadi kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari karibu na Isyonje, kisha huanza kuteremka. Hupita Kiwira, hufika Tukuyu iliyo kwenye kimo cha takriban mita 1,500, na huendelea kushuka hadi tambarare ya Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Lakini mteremko huo si wa moja kwa moja. Mito itokayo katika Mlima Rungwe na safu ya Uporoto imeichana ardhi kwa mabonde, na barabara haina budi kuyafuata: hushuka mtoni, huvuka daraja, hupanda tena kilimani. Kwa mchuuzi anayesukuma baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, hiyo ni adha ya kila siku. Kwa kijana anayejiandaa kwa mashindano ya baiskeli za barabarani, huo ni uwanja wa mazoezi ambao wanamichezo wa nchi nyingine husafiri mbali kuutafuta.

Kwa hiyo karibu kila anayeendesha baiskeli wilayani Rungwe hufanya mazoezi ya vipindi bila kuyaita kwa jina hilo. Hupanda akihema, huteremka akipoa, hupanda tena. Swali la makala haya ni kama hilo latosha. Jibu letu ni kwamba halitoshi, na wakati mwingine hudhuru. Mlima humpa mwanamichezo kazi, lakini haumpi kipimo. Haujui kama jana alilala vizuri, kama wiki iliyopita aliugua malaria, wala kama valvu ya moyo wake ina kasoro ambayo hajawahi kuambiwa. Kipimo hicho lazima kitoke kwa mwendeshaji mwenyewe, kwa mwalimu wake na, mara nyingi kuliko tunavyodhani, kwa mhudumu wa afya wa zahanati iliyo jirani.

Mashindano yanadai nini

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na jumla ya miinuko iliyopandwa ilizidi mita 5,000. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na wengi wa walioanza hawakufika mwisho. Kwa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Mkazi wa Rungwe aliyetazama mbio hizo hakuona jambo geni katika ardhi: vilima vifupi na vikali vinavyofuatana bila kumpa mtu nafasi ya kutulia.

Ushindi katika mbio za namna hii haupatikani kwa mwendo mmoja. Mwendeshaji hukaa ndani ya kundi kwa saa nyingi akitumia nguvu kidogo, kisha mtu mmoja huchomoka kilimani, na wote wanaotaka kushinda hulazimika kumfuata kwa dakika mbili, tatu au tano za juhudi kubwa. Huvuta pumzi kidogo, kisha mwingine huchomoka. Anayeshindwa mara nyingi si yule asiyeweza kupanda kilima kimoja kwa kasi, bali yule ambaye baada ya kilima cha nne mwili wake haupoi upesi vya kutosha kuukabili wa tano. Uwezo huo wa kupoa upesi ndio unaojengwa na mazoezi ya vipindi.

Ukanda wetu una ushahidi kwamba milima pekee haimfanyi mtu kuwa bingwa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mbio za Tour de France katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza kujifunza baiskeli akiwa kijana chini ya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu, nje ya Nairobi. Vilima hivyo vilikuwapo siku zote. Kilichoongezeka ni mwalimu.

Asili ya utaratibu huu

Mazoezi ya vipindi ni kufanya kazi kali kwa muda mfupi uliopimwa, kulegeza kwa muda uliopimwa, kisha kurudia. Kwa lugha ya kawaida ni kukaza na kulegeza. Wanariadha walikuwa wakifanya jambo la aina hiyo tangu zamani, lakini katika miaka ya 1930 nchini Ujerumani mwalimu wa riadha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Hans Reindell waliliwekea sheria. Mkimbiaji alikimbia umbali mfupi hadi mapigo ya moyo yakafika karibu 180 kwa dakika. Kisha alipumzika hadi yakashuka kufikia 120. Yakishuka ndani ya sekunde 90, alikimbia tena. Yakichelewa zaidi ya hapo, kazi ilikuwa kali kupita kiasi au siku hiyo ilikuwa imetosha. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 mjini Milan tarehe 15 Julai 1939 kwa dakika 1 na sekunde 46.6, rekodi ya dunia iliyodumu miaka 16.

Inafaa msomaji aizingatie sheria hiyo ya 120 na sekunde 90, kwa sababu ndani yake mna wazo ambalo vijana wengi hulikosa. Gerschler na Reindell hawakuuliza mtu anaweza kuumia kiasi gani. Waliuliza anapoa kwa muda gani, na jibu la swali hilo ndilo lililoamua kama kazi iendelee. Mlima hauulizi swali hilo. Mtu akifika kilele cha kwanza na mapigo yake bado yako 170, kilima cha pili kinamsubiri palepale.

Miaka iliyofuata ilileta ufafanuzi zaidi. Mwaka 1960 watafiti wa Stockholm, Uswidi, akiwamo Per-Olof Åstrand, walimpa mtu mwenye afya nzuri baiskeli ya maabara yenye mzigo wa wati 350. Alipoendesha bila kusimama, alichoka kabisa kabla ya dakika 10. Alipoendesha mzigo uleule kwa dakika 3 na kupumzika dakika 3, alimaliza saa nzima lakini kwa taabu kubwa, damu yake ikiwa na lakteti nyingi. Alipoendesha sekunde 30 na kupumzika sekunde 30, alimaliza saa nzima bila kuchoka sana, na lakteti ilikuwa ndogo. Jumla ya kazi ilikuwa ileile katika hali mbili za mwisho. Tofauti ilikuwa urefu wa kipindi tu.

Maelezo yake ni haya. Misuli ina akiba ndogo ya oksijeni iliyoshikwa na protini iitwayo mayoglobini, pamoja na akiba ya fosfati yenye nguvu. Akiba hizo hutumika katika sekunde za mwanzo za kazi na hujazwa upya upesi mtu anapolegeza. Kipindi kikiwa kifupi, mwili huishi kwa akiba hiyo. Kikirefuka hadi dakika kadhaa, akiba huisha, moyo na mapafu hulazimika kufanya kazi karibu na upeo wao, na lakteti hujaa. Hakuna kipindi kilicho bora kuliko vyote. Kila urefu hufundisha jambo lake, na mwalimu asiyejua anafundisha jambo gani huishia kumchosha kijana bure.

Mazoezi haya yakirudiwa kwa wiki kadhaa, kiasi cha damu mwilini huongezeka, ventrikali ya kushoto ya moyo hujaa na kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ndani ya seli za misuli mitokondria huongezeka. Matokeo yake mtu hupanda kilima kilekile kwa mwendo uleule mapigo yake yakiwa machache zaidi.

Kuupima mlima

Tuseme kijana wa miaka 22 anaishi Tukuyu, ameendesha baiskeli kwa mwaka mmoja au zaidi bila kukatiza, na ana afya nzuri. Kanuni inayokaribia ukweli ya kukadiria upeo wa mapigo ya moyo ni kutoa katika 208 asilimia 70 ya umri. Kwa umri wake jibu ni karibu 193. Asilimia 90 ya upeo huo ni takriban mapigo 174. Asiye na saa ya kupimia mapigo aweke vidole viwili shingoni mara tu anaposimama, ahesabu kwa sekunde 10 na kuzidisha kwa sita. Akihesabu 29, yuko kwenye 174. Ni kadirio tu, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 10 au zaidi. Kwa hiyo hesabu isaidiwe na pumzi: katika kipindi cha kukaza asiweze kusema zaidi ya maneno mawili au matatu, na katika siku ya mwendo mwepesi aweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika.

Zoezi la msingi ni vipindi vinne vya dakika 4. Achague kilima cha mwinuko usiobadilika sana, kisicho na magari mengi. Barabara za mashamba ya chai upande wa Katumba zinafaa kuliko barabara kuu, ambayo malori yaendayo mpaka wa Kasumulu huitumia mchana na usiku. Kwanza apashe misuli moto kwa dakika 15 hadi 20. Kisha apande dakika 4 kwa nguvu ambayo mwishoni itayafikisha mapigo kwenye asilimia 90, ageuke na kuteremka polepole akiendelea kukanyaga kidogo kwa dakika 3, na kurudia hadi mara nne. Kosa la kawaida ni kupanda kipindi cha kwanza kama mtu anayekimbia mvua. Kipindi cha nne kikiwa kifupi sana kuliko cha kwanza kwa umbali, cha kwanza kilikuwa kikali kupita kiasi.

Zoezi la pili ni la vipindi vifupi. Mtafiti Bent Rønnestad wa Norwei aliwalinganisha waendesha baiskeli waliofanya vipindi vya sekunde 30 vilivyotenganishwa na mapumziko ya sekunde 15, wakivirudia mara nyingi, na wenzao waliofanya vipindi vya dakika 5. Baada ya wiki 10 kundi la vipindi vifupi lilikuwa limepiga hatua kubwa zaidi. Rungwe zoezi hili ni gumu kulipanga, kwa kuwa kilima hakikubali mtu alegeze kila baada ya sekunde 30 bila kusimama. Linafaa zaidi kufanyika kwenye tambarare ya Kyela.

Msomaji huenda amesikia pia juu ya zoezi la dakika 4 linalobeba jina la Izumi Tabata wa Japani, la sekunde 20 za kukaza na 10 za kulegeza. Utafiti wake wa mwaka 1996 ulifanyika kwenye baiskeli za maabara, kwa nguvu ya asilimia 170 ya kiwango kinachohitaji oksijeni yote ambayo mwili unaweza kuitumia, na washiriki waliishiwa nguvu kabisa kufikia kipindi cha saba au cha nane. Wengi wanaojisifu kulifanya zoezi hili hawajalikaribia, na kwa afya zao ni heri.

Sasa jambo lenye uzito zaidi. Vipindi vikali vitoshe mara mbili kwa wiki, mara tatu kwa mtu aliyekomaa katika mchezo, na siku nyingine zote ziwe nyepesi kwa kweli. Stephen Seiler, aliyechunguza wanamichezo wa kiwango cha juu wa michezo ya kustahimili, aligundua kwamba karibu asilimia 80 ya mazoezi yao hufanyika kwa mwendo mwepesi. Hapa ndipo jiografia ya Rungwe inapomponza kijana wetu. Akitoka nyumbani kwa siku ya mwendo mwepesi, baada ya dakika chache anakutana na mwinuko ambao hauwezekani kupandwa kwa wepesi ukiwa na baiskeli ya gia moja. Siku yake nyepesi inakuwa ya wastani. Siku iliyofuata, ambayo ilipaswa kuwa kali, anaikuta miguu imechoka, nayo inakuwa ya wastani. Miezi inapita akichoka kila siku bila kuendelea. Dawa yake si ya kishujaa: baiskeli yenye gia ndogo za kutosha, au kushuka na kuisukuma. Kusukuma baiskeli kilimani katika siku ya mapumziko hakumvunjii mshindani heshima.

Kulala juu, kukaza chini

Mwaka 1997 Benjamin Levine na James Stray-Gundersen wa Marekani walichapisha utafiti uliobadili maandalizi ya wanamichezo wengi. Wakimbiaji waliolala kwenye kimo cha mita 2,500 na kushuka hadi mita 1,250 kwa mazoezi makali waliboresha muda wao wa mita 5,000 kuliko wale waliolala na kufanya mazoezi palepale juu, na kuliko waliobaki chini. Sababu ni kwamba hewa haba ya mlimani huuchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, lakini hewa hiyohiyo humzuia mtu kukaza kwa nguvu zake zote. Anayelala juu na kukaza chini hupata faida zote mbili.

Ni mahali pachache Tanzania ambapo mtu anaweza kulala juu ya mita 2,000 na kushuka hadi mita 500 kwa barabara moja ya lami katika siku moja. Mtu wa Isyonje anaweza. Hata hivyo mhudumu wa afya atakumbuka mara moja tatizo ambalo watafiti wa Marekani hawakuwa nalo. Kyela ni eneo la malaria. Mkazi wa vijiji vya juu, ambako maambukizi ni machache, hana kinga ya kutosha inayojengwa na kuugua mara kwa mara, na akilala usiku mmoja tambarare bila chandarua anaweza kuugua vibaya kuliko mwenyeji. Kwa hiyo anayefuata utaratibu huu ashuke asubuhi, afanye vipindi vyake, na arudi kulala juu kwa gari. Akilazimika kulala chini, alale ndani ya chandarua chenye dawa. Homa yoyote itakayojitokeza katika majuma yanayofuata ipimwe malaria kabla ya kuitwa uchovu wa mazoezi.

Kuhusu chakula tutasema kidogo, kwa kuwa Rungwe haina upungufu wake. David Nieman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Appalachian State, Marekani, waliwapa waendesha baiskeli 14 ama ndizi mbivu ama kinywaji cha sukari kilichotengenezwa kiwandani katika majaribio ya kilomita 75, na mwaka 2012 walitoa taarifa kwamba hapakuwa na tofauti ya muda. Ndizi mbivu mfukoni na chupa ya maji vinatosha. Baada ya mazoezi, maziwa, maharage na viazi vya Isongole vitamaliza kazi.

Nani azuiwe kwanza

Kijana anapokuja zahanati kuomba cheti cha kushiriki mashindano, mara nyingi hupimwa uzito na shinikizo la damu, kisha karatasi hugongwa muhuri. Hiyo haitoshi. Maswali matano yana thamani kubwa kuliko mizani. Je, umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia ukiwa katikati ya mazoezi? Je, hupata maumivu ya kifua au mapigo ya moyo kwenda mrama unapokaza? Je, unaishiwa pumzi kuliko wenzako wa umri wako? Je, kuna ndugu wa karibu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50? Je, ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo kisha viungo vikavimba na kuuma kwa kuhamahama?

Swali la mwisho linahusu homa ya rumatiki, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo na inaweza kuharibu valvu za moyo bila mgonjwa kujua kwa miaka mingi. Katika nchi zetu bado ni chanzo kikubwa cha ugonjwa wa moyo kwa vijana. Maswali yanayotangulia yanatafuta, pamoja na mengine, unene usio wa kawaida wa misuli ya moyo unaorithiwa katika familia, ambao ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana. Mhudumu ausikilize moyo mtu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, maana mvumo unaoongezeka mtu anaposimama ni dalili ya kutiliwa shaka. Jibu la "ndiyo" kwa swali lolote, au mvumo wowote usioeleweka, ni sababu ya kumpa rufaa apimwe kwa mashine ya umeme wa moyo na ultrasaundi. Kijana atakasirika. Mbio zitampita. Ni afadhali kukosa mbio moja.

Lipo kundi lingine linalosahauliwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na walio na kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo ni wengi zaidi, nao kwa kawaida hawaumwi. Wengi wao hushiriki michezo bila tatizo. Lakini mmoja wao akikaza kwa nguvu zote mfululizo bila mapumziko, akiwa na upungufu wa maji, kwenye joto au mara tu baada ya kupanda nyanda za juu, chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja, misuli ikakosa damu na kuvunjika. Dalili ni misuli kuishiwa nguvu na kuuma sana mapema kuliko ilivyotarajiwa, na baadaye mkojo wa rangi ya kahawa. Mwanamichezo asimamishwe palepale, apewe maji, na afikishwe hospitali bila kungoja asubuhi. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ambavyo wengine humeza kabla ya mazoezi ili wastahimili, huziongezea figo mzigo katika hali hiyo. Visitumiwe.

Kwa wasichana wanaoshindana, upungufu wa damu utafutwe mapema, kwa sababu ya hedhi, minyoo na lishe. Hedhi ikikoma kwa miezi mitatu katika kipindi cha mazoezi makali, lisichukuliwe kuwa jambo jema la kumpunguzia usumbufu. Baada ya kuhakikisha kwamba si mimba, ichukuliwe kuwa dalili ya mwili usiopata chakula cha kutosha kulingana na kazi unayofanya, na mifupa yake iko hatarini.

Mwenye homa asifanye vipindi. Maambukizi ya virusi yanaweza kugusa misuli ya moyo, na kukaza moyo uliovimba kumewahi kuua wanamichezo. Baada ya malaria iliyotibiwa, mtu amalize dawa mseto, angoje homa iishe, aanze na siku kadhaa za mwendo mwepesi, na vipindi vikali virudi pale tu mapigo yake ya asubuhi, yanayohesabiwa kabla ya kuondoka kitandani, yatakapokuwa yamerejea katika kiwango chake cha kawaida. Mapigo hayo yaandikwe daftarini kila siku. Yakipanda kwa saba au kumi bila sababu, siku hiyo iwe ya kupumzika, hata kama ratiba inasema vingine.

Wagonjwa nao

Msomaji asiyeshindana huenda amefika hapa akijiuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa karibu. Mwaka 2007 Ulrik Wisløff na wenzake wa Trondheim, Norwei, waliwafanyisha wagonjwa wa kushindwa kwa moyo, wenye wastani wa umri wa miaka 75, vile vipindi vinne vya dakika 4 tulivyovieleza, kwa kutembea kwenye mashine. Baada ya wiki 12 uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa asilimia 46, dhidi ya asilimia 14 kwa waliotembea kwa mwendo mmoja. Hao walikuwa wagonjwa 27 tu. Utafiti mkubwa zaidi wa vituo kadhaa vya Ulaya, uliotolewa mwaka 2017, haukuona ubora huo, na ulibaini kwamba karibu nusu ya waliopangiwa kukaza hawakufikia kiwango walichoagizwa. Naona funzo la pili ni muhimu sawa na la kwanza: agizo la daktari na kile mgonjwa anachokifanya ni vitu viwili.

Kuhusu usalama, taarifa ya mwaka 2012 kutoka vituo vya Norwei ilihesabu saa 175,820 za mazoezi ya wagonjwa 4,846 wa mishipa ya moyo. Moyo ulisimama mara moja katika saa 129,456 za mwendo wa wastani, na mara mbili katika saa 46,364 za vipindi vikali. Hatari ni ndogo, lakini kwa vipindi vikali ni kubwa zaidi, na wote hao walipimwa kwanza na kusimamiwa. Kwa hiyo vipindi vikali kwa mgonjwa wa moyo vifanyike chini ya usimamizi wa hospitali. Anayetumia dawa kama atenololi au bisoprololi asitumie hesabu ya mapigo tuliyotoa juu, kwa kuwa dawa hizo huyashusha. Aongozwe na pumzi.

Kwa wenye kisukari aina ya pili na shinikizo la damu lililodhibitiwa, kuna njia nyepesi zaidi. Watafiti wa Matsumoto, Japani, waliwapa watu wa makamo na wazee utaratibu wa kutembea upesi dakika 3, polepole dakika 3, mara tano, siku nne au zaidi kwa wiki. Baada ya miezi mitano nguvu za mapaja na uwezo wa kupumua viliongezeka, na shinikizo la damu lilipungua kuliko kwa waliotembea mwendo mmoja. Huko Copenhagen, Denmaki, utaratibu kama huo uliboresha udhibiti wa sukari kwa wenye kisukari. Tukuyu hauhitaji mashine. Mtu achague kipande cha barabara kisicho na mwinuko mkali, atembee upesi kati ya nguzo kadhaa za umeme, apunguze mwendo kwa idadi hiyohiyo ya nguzo, na aendelee. Shinikizo likiwa 180 kwa 110 au zaidi, asianze hadi lishuke kwa dawa.

Anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya kutoka ikiwa ana kipimo, avae viatu vilivyofungwa na kukagua nyayo zake akirudi, na asitoke akiwa hajala. Mfukoni awe na ndizi mbivu au sukari kidogo. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuona giza, akae chini, ale, na asiinuke kwa dakika 15. Amweleze pia mtu mmoja wa nyumbani njia atakayopita.